Njia mbili, mzigo kwenye moja

SWALI: Seva yangu ya Linux inafikia diski za NVMe (diski za kasi) kupitia mtandao wa TCP, kwa kadi mbili za mtandao na swichi mbili. Kwa nini kadi moja inafanya kazi yote?

JIBU: Andika kwanza `nvme list-subsys`. Njia zote mbili zionekane chini ya jina moja la NQN (jina la pekee la mfumo wa diski), kila moja ikiwa `live` (hai). Zikiwepo, tatizo ni sera ya kugawa mzigo: kerneli (kiini cha Linux) huanza na sera ya `numa`, inayochagua njia moja tu. Ibadili iwe `round-robin`, yaani kupokezana njia:

`echo round-robin > /sys/class/nvme-subsystem/nvme-subsys0/iopolicy`

Mabadiliko hayo hufutika seva ikiwashwa upya, kwa hiyo yaandikie kanuni ya udev (sehemu ya Linux inayoweka mipangilio ya vifaa vinapotambuliwa). Njia ambayo mfumo wa diski umeitia alama `non-optimized` (si njia bora) itabaki kimya maadamu kuna njia bora; hiyo si hitilafu.

Kila kadi iwe na sabneti yake (kundi lake la anwani za mtandao), la sivyo pakiti zote zaweza kutokea kadi moja.

Na jambo linaloumiza wengi: njia ikikatika, seva hujaribu kuiunganisha kwa sekunde 600, kisha huifuta kabisa. Ukirudisha kebo baada ya hapo, njia hairudi. Unganisha kwa `nvme connect` yenye `--ctrl-loss-tmo=-1`, ili seva isiache kujaribu, kisha uchomoe kebo moja makusudi, data ikiwa inaandikwa, kabla ya kuikabidhi seva.