Klabu ya sayansi ya wasichana Kisauni: usianze na wageni wa kuhutubia

Dada, ulivyoeleza ni hivi: una ukumbi Kisauni, Mombasa, kila Jumamosi, wasichana kama ishirini wa Gredi ya 8 na 9, shilingi 30,000 za mchango na vijana watatu wa chuo waliojitolea. Unauliza ualike wahandisi gani, ununue nini, na ufanyeje wasichana wasipukutike wiki baada ya wiki.

Wahandisi waache kwanza. Msichana wa miaka 14 akimsikiliza mhandisi wa bandarini saa nzima, atatoka na hamu tele, na Jumatatu hana pa kuipeleka hamu hiyo. Anayemshika asitoroke ni yule binti wa mwaka wa pili pale Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, Tudor, aliyemzidi miaka sita au saba, anayeketi naye benchi moja na ambaye waya wake mwenyewe haujawaka mara ya kwanza. Kwa hiyo hao vijana watatu ndio mtaji wako, kuliko hizo elfu thelathini. Hakikisha angalau wawili ni wa kike.

Ishirini ni wengi kwa walezi watatu. Chukua kumi na wawili: jozi sita, kila mlezi jozi mbili. Wanane waliobaki waandikishe kwa awamu ya pili na uwape tarehe kabisa, si ahadi ya "tutawaita". Na usimwombe mwalimu akuchagulie wanaoongoza darasani, maana hao watafika popote hata bila wewe. Piga kura. Gredi ya 8 wapewe nafasi zaidi, kwa sababu mkondo wa sekondari pevu, yaani kundi la masomo atakayofuata kuanzia Gredi ya 10, huchaguliwa wakiwa Gredi ya 9. Msichana akikujia wakati fomu iko mezani umechelewa.

Sasa saa. Asubuhi ya Jumamosi wengi wako madrasa, na wasio madrasa wako kwenye kufua na kuangalia wadogo zao. Weka saa nane na nusu hadi saa kumi na nusu. Alasiri huingia katikati ya kipindi, basi ifanye ndiyo mapumziko: wanaoswali waswali, wengine wanywe chai, kazi iendelee. Ukimaliza saa kumi na nusu, hata wa Bamburi aliyekosa matatu ya kwanza yuko nyumbani kabla ya magharibi. Anayevuka feri ya Likoni mhesabie saa nzima zaidi. Mwezi wa Ramadhani simamisha, usijaribu kubana.

Kabla ya kikao cha kwanza waite kina mama, hata kwa nusu saa. Waonyeshe ukumbi na nani ana ufunguo, watajie saa ya kutoka, watambulishe walezi kwa majina. Mama anayejua mwanawe yuko na nani hamtumi dukani saa nane. Masharti yawe wazi hapo hapo: watu wazima wawili daima ukumbini, hakuna mlezi anayemwandikia msichana ujumbe faraghani, kundi la WhatsApp ni la wazazi. Picha pia. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha ya uso ni taarifa. Nambari 116, simu ya bure ya watoto, ibandike mlangoni. Na ndani ya choo weka pakiti za sodo mahali pa kuchukua bila kuomba. Kuna Jumamosi msichana hakosi kwa uvivu.

Pesa yako naigawa hivi. Bodi sita za aina ya Arduino Uno (kompyuta ndogo ya kujifunzia, inayopokea programu kutoka laptopu), tenga 1,500 kila moja: 9,000. Vibao sita vya matundu vya kuchomekea nyaya bila kulehemu: 1,800. Taa ndogo za LED, rezista (vijipande vya kupunguza mkondo wa umeme) za ohm 220 na kilo-ohm 1, vitasa vya kugeuza kama vile vya sauti ya redio, na nyaya: 2,000. Multimita (vipima umeme) mbili: 2,000. Skrubu za chuma cha pua: 400. Chumvi na maji ya betri, yaani maji yaliyosafishwa yasiyo na chumvi: 500. Jumla 15,700. Chai na nauli, shilingi 100 kwa msichana kwa Jumamosi kumi, ni 12,000. Zinabaki 2,300 za vitakavyoungua, na vitaungua. Laptopu azima, mbili zinatosha zikizunguka. Usikate nauli ili ununue bodi ya saba. Bodi bila mtu ni pambo.

Siku ya kwanza washa taa. Mguu mrefu ndio chanya. Wapige hesabu wenyewe kabla ya kuchomeka: bodi inatoa volti 5, taa nyekundu inakula karibu 2, zinabaki 3, ukigawa kwa ohm 220 unapata kama miliampea 14, na taa hizi hazipendi kuzidi 20. Halafu mlezi aulize: na tukitumia betri ya volti 9? Volti 7 zinazobaki ukigawa kwa 220 ni miliampea 32, taa inaweza kuungua. Wacha wakuambie wao rezista ipi itafaa.

Taa isipowaka, na kwa jozi mbili tatu haitawaka, hapo ndipo ulezi unapoanza au kufa. Mlezi mwenye haraka atanyoosha mkono, atageuza taa, itawaka, na msichana amejifunza kwamba vitu hivi huwaka vikishikwa na wengine. Sheria iwe moja: mlezi mikono nyuma. Anaruhusiwa kuuliza tu. "Umeme unaingia wapi? Unatoka wapi? Pima hapa na hapa." Akishindwa kabisa kujizuia, ashike kikombe cha chai mikono miwili. Ndani ya jozi nako kuna mmoja atakayeteka kibodi, kwa hivyo wabadilishane kila dakika ishirini kwa saa ya ukutani, si kwa kuulizana.

Makosa ya kawaida ni machache, walezi wayakariri. Waya wa USB wa kuchajia tu haupitishi data, na laptopu haitaiona bodi hata mkeshe. Bodi nyingi za bei nafuu zina chipu ya CH340 inayotaka draiva yake (programu ndogo ya kuifanya laptopu iitambue bodi), basi ipakieni nyumbani, msitegemee bando la ukumbini. Baadhi ya vibao virefu vya matundu mstari wa umeme umekatika katikati, nusu ina umeme nusu haina. Stima ikipotea utakimbilia pawabanki, nayo ikiona bodi inavuta umeme kidogo mno hujizima, ikidhani simu imejaa. Ongeza taa mbili tatu, au tafuta isiyojizima.

Wiki ya pili washe na kuzima taa kwa programu, ya tatu wasome namba za kitasa kwenye A0, pini ya bodi inayopima volti, kuanzia 0 hadi 1023. Kuanzia ya nne ingieni kwenye mradi mmoja mkubwa. Roboti hapana. Roboti huonekana vizuri kwenye picha, lakini ikigonga ukuta hakuna nyumbani atakayeuliza habari yake. Jengeni kipima chumvi cha maji ya kisima, jambo ambalo kila nyumba ya Kisauni ina maoni nalo.

Kifaa chenyewe ni rahisi. Toboa kizibo cha chupa ya soda, pitisha skrubu mbili za chuma cha pua zikiwa sentimita 1 mbalimbali, funga waya kila moja. Moja iende pini ya 7 ya bodi, ya pili iende A0, na kutoka A0 weka rezista ya kilo-ohm 1 hadi ardhi ya bodi (pini ya GND). Maji yenye chumvi hupitisha umeme zaidi, namba inapanda.

Kosa litakaloharibu Jumamosi nzima ni kuacha umeme umewashwa muda wote. Skrubu zitatoa viputo, moja italiwa, na namba itatangatanga huku wasichana wakidhani wamekosea programu. Washa pini ya 7, subiri milisekunde 10, soma, zima. Rudia kila sekunde 5. La pili ni joto: maji yakiongezeka digrii moja, upitishaji hupanda kwa karibu asilimia 2, kwa hiyo ndoo iliyokaa juani isipimwe sawa na maji yaliyotekwa sasa hivi. Yaacheni yote kivulini saa moja.

Kisha wapatie namba zao maana. Mizani ya jikoni haipimi nusu gramu, basi pima gramu 10 za chumvi, yeyusha kwenye lita 1 ya maji ya betri, na punguza kutoka hapo: mililita 100 za mchanganyiko huo ukijaziwa hadi lita 1 ni gramu 1 kwa lita. (Kibandani maji ya betri hukaa karibu na asidi ya betri. Anayenunua awe mtu mzima, na asome chupa.) Tengenezeni nusu gramu, 1, 2 na 5, mchore kwenye karatasi ya miraba. Mstari hautanyooka, juu namba zinabanana. Walezi wasiwaambie mapema. Maji ya bahari, yenye gramu 35 hivi kwa lita, yatagonga karibu na kilele, na atakayetaka kuyapima vizuri apunguze rezista, ila asishuke chini ya ohm 330 asije akaichosha pini.

Mgeni wako mmoja mlete wiki ya saba, awe mtu wa maji au maabara, na sharti aje na kipimo chake, wapime sampuli moja na wasichana kisha walinganishe.

Wiki ya nane na ya tisa watoke visimani, kwa ruhusa ya wenyewe. Kisima kilicho karibu na ufuo wakipime maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamepwa, na kama ratiba inaruhusu, siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida. Wawaulize bibi zao kwanza kisima kipi huwa kikali na lini, waandike utabiri, ndipo wapime. Kwa ladha, Shirika la Afya Duniani linahesabu maji yenye chini ya miligramu 600 za vitu vilivyoyeyuka kwa lita kuwa mazuri, na kupita 1,000 yanaanza kukataliwa na ulimi. Lakini wasichana waseme wazi kwa kila mwenye kisima: kifaa hiki hakioni vijidudu. Maji matamu yaliyo jirani na choo cha shimo bado ni ya kuchemsha.

Wiki ya kumi wazazi waje, kila jozi ieleze karatasi yake, na walezi wakae nyuma kimya. Siku hiyo hiyo wa Gredi ya 9 wakae na mzazi na mlezi mezani, waangalie mkondo wa sayansi na teknolojia una masomo gani na shule zipi za karibu zina maabara inayotumika kweli. Baada ya hapo kila mlezi amfuate kila msichana wake kupitia simu ya mzazi, mara moja kwa mwezi, hadi fomu ijazwe.

Vifaa msiviache wazi ukumbini. Chumvi ya hewa yetu hula miguu ya nyaya kwa miezi michache. Viwekwe kwenye mkebe wa biskuti unaofunga sawasawa, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu, na skrubu zioshwe kwa maji matamu kabla ya kurudishwa.