Rimu ya karatasi iliyomrudisha binti yangu kwenye hesabu

Jumapili iliyopita binti yangu, mwenye miaka 10, alinikuta napanga karatasi kwenye printa. Akauliza, "Mama, hii 80 ni ya nini?" Kwenye ganda la rimu pameandikwa gramu 80 kwa mita ya mraba. Nilitaka kumjibu harakaharaka niendelee na kazi yangu. Namshukuru Mungu nilijizuia.

Nieleze kwanza tulikotoka. Mwaka jana wote niligeuza nyumba yetu kuwa chumba cha mtihani. Tukipanda ngazi, namuuliza ziko ngapi. Tukimimina maji, namuuliza ni robo au thuluthi. Nilijiona mzazi hodari. Kumbe mtoto alianza kunikwepa, na siku moja nikamsikia akimwonya mdogo wake, "Usiende jikoni, Mama atakuuliza hesabu." Nililia. Nikiwa darasa la tano mwalimu alinisimamisha mbele ya wenzangu akasema kichwa changu hakikuumbiwa namba, na kauli hiyo nimeibeba hadi leo. Woga ule niliotaka kumwepusha nao, nilikuwa nampandikiza kwa mikono yangu.

Turudi kwenye rimu. Nilimwambia tu, "Hata mimi nataka tujue karatasi moja ina uzito gani." Mizani ya jikoni haikutulia, karatasi moja ni nyepesi mno. Basi tukachora sakafuni mraba wa mita moja kwa chaki, akaanza kuzipanga karatasi za A4. Zilienea 12 nzima, ukabaki ukanda pande mbili. Akachukua mkasi, akakata nyingine vipande na kuziba mapengo. Zikaingia nne zaidi, pakabaki upenyo mwembamba sana. Kumi na sita! Akagawa 80 kwa 16, akapata gramu 5. Bila kuambiwa na mtu akazidisha kwa karatasi 500 za rimu: gramu 2,500. Akakimbilia rimu ambayo haijafunguliwa, akaiweka kwenye mizani. Kilo mbili na nusu na ushee kidogo, na yeye mwenyewe akasema ushee ule ni ganda.

Ndipo nikamweleza kwamba karatasi ya A0 ina eneo la mita moja ya mraba, na ukiikata nusu mara nne unapata A4. Akachukua karatasi akaikunja: 2, 4, 8, 16. Sijawahi kuuona uso wake hivyo.

Mwaka 1985 watafiti Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti kuhusu watoto watano waliokuwa wakiuza bidhaa mitaani Recife, Brazil. Wakiwa kwenye biashara yao walipata takriban asilimia 98 ya hesabu. Walipopewa hesabu za aina hiyo hiyo kama namba tupu, wakapata kama asilimia 37. Nikisoma hapo namkumbuka yule msichana wa darasa la tano. Hakuwa mjinga. Hakuna aliyempa kitu cha kupima.

Wazazi wenzangu, acheni kuwahoji watoto. Subirini swali litoke kwao, kisha muwe na haja ya kweli ya kujua jibu, kwa sababu mtoto anaitambua haja ya kuigiza. Mwacheni ashike rula mwenyewe, akosee, apime tena. Nasisitiza: msimhoji. Na mkiwa mmechoka, semeni mmechoka, mlirudie swali lake kesho, lakini mlirudie kweli. Ukimpuuza mara tatu, ya nne hatakuja.

Jana usiku ameniuliza kwa nini mfuniko wa ndoo ukiuzungushia uzi, uzi ule unavuka upana wa mfuniko mara tatu halafu unabaki kipande. Sikumjibu. Uzi na rula viko mezani, namsubiri atoke shule.