"Mama yangu umempeleka wapi?"

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nambie unatumia kamera gani, nami nataka kupiga sura za watu kama ile ya mzee wa kahawa." Nilifurahi, sitaficha. Ile picha imezunguka sana, na walioizungusha wengi wao hawajui ni yangu. Kamera ni ya mtumba, lenzi ni milimita 50, ya bei ya chini kuliko zote dukani. Jibu la swali limeishia hapo. Lakini wewe unayetaka sura za watu, keti kidogo.

Nilianza na pasipoti saizi. Kibanda Temeke, shuka la buluu ukutani, stuli moja. "Kaa sawa. Usicheke. Tayari." Miaka minne ya hiyo, na ya kukopa na kuibiwa flashi tuyaache. Pale kibandani niligundua jambo: mtu akishasikia "tayari", mabega yanashuka, anavuta pumzi, na sura yake yenyewe inarudi. Wazee walisema uso umeumbwa na haya, na haya hiyo humtoka mtu akidhani umemaliza. Siku hizi nasema "tayari" kwanza, ndipo napiga.

Sasa la aibu. Mwaka jana dada mmoja alimleta mama yake, bibi wa Kimakonde kutoka Newala, mwenye chale mashavuni na kwenye paji. Nilimkalisha mlangoni, mwanga ukimjia ubavuni, kila mstari wa chale ukapata kivuli chake chembamba. Alikuwa akinisimulia bei ya korosho. Nilijua nimepata picha.

Usiku nikaipitisha kwenye programu ya kulainisha ngozi, kama ninavyowafanyia maharusi. Sikufikiri. Asubuhi nikaituma.

Dada yule akapiga simu. "Mama yangu umempeleka wapi?" Chale zilikuwa zimefutika, mashavu laini kama yai. Alama alizochanjwa akiwa msichana, akavumilia maumivu yake, mimi nilizifuta kama chunusi. Nikaomba radhi, nikatuma picha halisi, nikarudisha hela. Hakujibu. Nilichosikia baadaye ni kwamba habari imefika kwenye magrupu yao ya ukoo, na kwamba mimi ni "yule fundi anayefuta watu". Bado linaniuma. Nakiri kosa, ila lile jina lilipita kiasi.

Kwa hiyo ndugu yangu, acha kulainisha. Ukiweza kutoa chunusi ya jana, toa, lakini kovu, kunyanzi na chale viache, vina mwenyewe. Fokasi iwe kwenye jicho lililo karibu nawe. Usimsogelee mtu na simu hadi puani, pua itavimba. Rudi nyuma hatua mbili. Mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, kamera hudanganyika ikapunguza mwanga, uso ukawa giza, basi ongeza wewe mwenyewe. Na usilainishe. Nimeshasema? Nasema tena.

Visingizio vya vifaa sivitaki. Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali, alifungua studio yake Bamako mwaka 1948, na pazia lake la nyuma lilikuwa shuka la kitandani kwake. Alipiga sana nje, uani, kwa mwanga wa jua. Leo sura zile zinaning'inia kwenye majumba ya makumbusho, na watu wamesimama wakitazamwa nazo. Wewe una simu ya laki nane unalalamika huna reflekta ya kurudishia mwanga usoni! Kanga nyeupe huna? Mlango huna?

Faili la bibi ninalo bado, lenye chale zote. Nimelichapa kwenye karatasi kubwa, nikaliweka kwenye bahasha na jina la binti yake juu, liko pale kwenye droo ya mapokezi. Akipita, atalikuta.