Kwa Wanaoanza Kuigiza: Msiidharau Nafasi ya Pembeni

Kijana anayeingia kwenye uigizaji siku hizi anakuja na nafasi yake kichwani: steringi. Ukimpa ya mlinzi wa geti anaipokea shingo upande, anasema maneno yake mawili, anarudi kwenye simu. Mimi riziki yangu imetoka kwenye nafasi hizo hizo, na mtu ninayewaambia wadogo zangu wamfuatilie ni Mmarekani wa enzi za filamu bubu, Lon Chaney.

Alizaliwa Colorado Springs mwaka 1883, baba kiziwi, mama kiziwi. Mama alipougua akabaki kitandani, mtoto ndiye aliyempelekea habari za mtaani kwa mikono na uso: nani kapita, anatembeaje, kanuna au kacheka. Chuo gani kingemfundisha zaidi? Baadaye alizunguka na vikundi vya jukwaani, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1910 akaingia studio za Universal. Leo jambazi, kesho kibabu, filamu fupi baada ya filamu fupi. Karibu na 1918 aliomba nyongeza, akanyimwa, akaondoka. Mwaka 1919, katika The Miracle Man, akacheza tapeli anayejifanya kilema, akajikunjua mbele ya kamera, na jina likapaa. Alikuwa na miaka 36. Wewe una 22 na umeshakata tamaa.

Sasa njoo kwenye kisanduku chake cha vipodozi. Zama zile waigizaji wengi walijipamba wenyewe, na Chaney alibeba rangi za mafuta, nywele za bandia, gundi, udongo laini wa kuundia pua, na kolodioni, dawa ya majimaji ambayo ikikauka huivuta ngozi hadi unaapa kwamba lile ni kovu la panga. Tena mikanda ya kupigia picha ya wakati huo ilikuwa haioni rangi nyekundu. Mdomo uliopakwa wekundu ulitoka mweusi, macho ya buluu yakatoka meupe kama ya mgonjwa. Aliyeamini kioo cha chumbani aliumbuka. Ilibidi ujue kamera inaona nini. Kwa hiyo ukifika seti, kabla ya kurekodi, muombe mpiga picha akuoneshe sura yako kwenye skrini yake. Hatakunyima. Sana sana atashangaa, maana wachache huomba.

Kuna jambo lake moja sitaki mliige. Katika The Penalty ya 1920 alicheza jambazi aliyekatwa miguu, akaikunja yake nyuma, akaifunga kwa mikanda, na magoti akayatia kwenye vikombe vya ngozi. Maumivu yalimlazimu kufungua kila baada ya muda mfupi. Watu huisimulia kwa sifa. Mimi naona mwili ndio mtaji, na mwongozaji anayekutaka uumie atafute mwingine.

Filamu za sauti zilipokuja alikawia kuziingia. Alipokubali, 1930, alitoa sauti tano katika The Unholy Three, ikiwemo ya bibi kizee na ya kasuku, akatia saini kiapo kwamba zote ni zake. Agosti mwaka huo huo akafariki, saratani ya mapafu. Nyie mna simu zenye kinasa sauti mfukoni: anzeni na bibi kizee, kasuku mwacheni kwanza.