Umetibiwa na bado mkojo unauma? Usikimbilie kurudia kipimo kilekile

Huku kwetu Dar kila kitu ni UTI. Mkojo unaunguza, UTI, tumbo la chini linavuta, UTI, mtu anakunywa cipro, zile antibayotiki, mpaka anazizoea. Mimi niliambiwa hivyohivyo, nikamaliza dozi, maumivu yakatulia kidogo afu yakarudi, na safari hii nikiamka asubuhi naona kamajimaji kabla hata sijakojoa. Nikarudi, wakanipa kikopo tena.

Nikamuuliza yule kijana wa maabara, hivi hapa mnaangalia nini hasa? Alikuwa muungwana, akasema wanaangalia seli za usaha na bakteria kwenye darubini, gono (kisonono) kwa mwanaume anaweza kuiona vizuri akichukua ule uchafu wenyewe akaupaka kwenye kioo, ila klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, kwa darubini yake haionekani kabisa. Yaani ningejaza vikopo hata kumi majibu yangekuwa yaleyale, usaha upo, chanzo hakijulikani. Nikaenda sehemu nyingine, nikaeleza kila kitu mpaka habari za mwenzangu, tukachomwa sindano ya ceftriaxone wote wawili na vidonge vya doxy (doxycycline) vya siku 7 juu, na tukaambiwa hakuna kugusana mpaka wiki iishe. Maumivu yakaisha.

Kwa hiyo kabla hujaamua kupima tena uliza kile cha kwanza kilikuwa kinatafuta nini, na ulipima siku ngapi baada ya tukio, yaani ile ngono bila kinga. Gono na klamidia zinahitaji kama wiki moja mpaka mbili kuonekana. Kaswende na HIV kwa vile vipimo vya haraka vya kutoboa kidole inabidi uhesabu miezi 3 ndo uwe na uhakika, ukipima wiki ya pili ukakuta hasi hiyo hasi haijakwambia kitu. (Kama ni juzi tu na masaa 72 hayajapita, acha kusoma hapa nenda kituo cha afya ukaulizie PEP, zile dawa za kuzuia HIV baada ya tukio.)

Kama ulishatibiwa, angalia mwili. Usaha wa gono unatakiwa ukate ndani ya siku chache, ikifika siku ya tano bado unatoka rudi hospitali, usiende duka la dawa kuongeza cipro, gono ya sikuhizi imeshaizoea sana hiyo dawa. Lakini kama ilikuwa klamidia na dalili zimeisha, usiwahi kupima kile kipimo cha vinasaba kabla ya wiki nne, kinaweza kukamata mabaki ya vijidudu vilivyokufa ukaanza kugombana na mtu bure. Subiri miezi 3 ndo upime, na hapo unachotafuta ni kama umeambukizwa upya, maana mara nyingi inayorudi imetoka kwa mwenza ambaye hakutibiwa, mnapasiana kama mpira.

Kaswende ndo inawachanganya watu kuliko zote. Kile kipimo cha haraka kwa wengi kinabaki chanya maisha yote hata kama ulishachomwa sindano zako ukapona, mama anaenda kliniki ya ujauzito anaambiwa unayo, nyumba inawaka moto. Waambie ulishatibiwa lini, waombe kipimo cha damu cha RPR au VDRL, hicho kinaonyesha kiwango kama kimeshuka.

Kwa dada zangu, muwasho na uchafu mzito mweupe baada ya antibayotiki mara nyingi ni fangasi walioletwa na dawa zenyewe. Ila maumivu ya tumbo la chini na homa, au una mimba, hapo hamna kusubiri, nenda leoleo.

Afu kuna wale wa hofu. Miezi 3 imepita, hajalala na mtu mwingine, na bado anapima HIV kila akiona kipele. Kaka, hicho kipele kinaweza kuwa cha kiwembe tu. Mwonyeshe daktari akiangalie chenyewe.

Ukienda beba pakiti za dawa ulizomeza, usianze antibayotiki nyingine kabla hawajachukua sampuli, zinaweza kuficha kitu, na usione aibu kutaja ngono ya mdomo au ya njia ya nyuma kama ndo ilivyokuwa, gono inakaa kooni kimya kabisa wakati mkojo uko safi.