Kabla ya Kununua Kopo la Vitamini: Kwa Wewe Unayeanza Kuhudumia Timu

Ukishajulikana kwenye timu kwamba wewe ndiwe wa mambo ya maji na chakula, wachezaji watakuita daktari, uwe umesomea udaktari au la. Na swali la kwanza utakaloulizwa, iwe ni Mamboleo, Bukhungu au kwenye kiwanja cha shule kule Njoro, ni hili: "Daktari, tununue vitamini gani?" Nakuomba usilijibu wiki ya kwanza. Tafuta mizani, daftari, na ruhusa ya kocha ya kuwapata wachezaji nusu saa kabla ya mazoezi. Nimeifanya kazi hii na timu za mpira, raga na riadha kati ya Kisumu, Kakamega na Nakuru, na mara nyingi mchezaji anayetaka kopo ana shida ambayo kopo haliigusi: hanywi vya kutosha, hali vya kutosha, au damu yake imepungua na hakuna aliyempima.

Anza na jasho. Kisumu iko kando ya ziwa, mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina unyevu. Jasho halipozi mwili kwa kutiririka. Hupoza pale linapokauka juu ya ngozi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, jasho linadondoka tu, joto linabaki ndani, na mwili unazidi kutoa jasho jingine. Ndiyo maana timu iliyozoea ubaridi wa Nakuru huja Kisumu ikaanza mechi kwa kasi, halafu kipindi cha pili miguu ikawa mizito. Ukiihudumia timu kama hiyo, usiibebe ratiba ya maji ya nyumbani ukaileta ziwani vile ilivyo.

Kiasi cha jasho hakiwezi kukisiwa kwa macho. Wapo wanaotoa nusu lita kwa saa na wapo wanaopita lita mbili, kwenye zoezi lile lile, chini ya jua lile lile. Kwa hiyo pima. Mchezaji aende haja ndogo, kisha apande mizani akiwa na kaptura kavu peke yake. Baada ya mazoezi avue jezi, ajipanguse, apande tena. Hapo usikubali haraka ya mtu: jezi ya raga iliyolowa chepechepe ina uzito wa kutosha kuharibu hesabu yote. Wasichana wapimwe chumbani, mmoja mmoja, na nguo nyepesi zilizo kavu, na kilo zao usizisome kwa sauti. Nimeona binti akianza kuruka chakula cha jioni kwa sababu mtu alitaja uzito wake mbele ya wenzake.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme winga ameanza na kilo 70, akamaliza dakika 90 akiwa na kilo 68.4, na katikati alikunywa nusu lita. Amepoteza kilo 1.6, ambayo ni sawa na lita 1.6 hivi, ongeza ile nusu aliyokunywa: jasho lake lilikuwa lita 2.1. Amepungua zaidi ya asilimia 2 ya uzito wake, na hapo ndipo uwezo wa kukimbia kwa muda mrefu huanza kushuka, hasa kwenye joto. Ili arudi sawa anahitaji kunywa mara 1.25 hadi 1.5 ya alichopoteza, yaani lita 2 hadi 2.4, kidogo kidogo katika saa zinazofuata, pamoja na chakula chenye chumvi. Asinywe yote kwa mkupuo pale kwenye nyasi, maana nyingi yake ataikojoa.

Tazama pia jezi nyeusi ikikauka. Mwenye jasho la chumvi nyingi hubaki na michirizi myeupe kifuani na mgongoni, na kofia yake huwa na ukingo mweupe. Lita moja ya jasho hubeba takriban gramu moja ya sodiamu, madini yaliyo kwenye chumvi, lakini tofauti kati ya mtu na mtu ni kubwa, na huyu wa michirizi ndiye wa kuangaliwa kwanza. Maji matupu pekee hayamtoshi kwenye mechi mbili za siku moja, kama inavyokuwa kwenye raga ya wachezaji saba kila upande.

Kinywaji chake unaweza kukitengeneza mwenyewe. Lita moja ya maji safi, vijiko vikubwa vitano vya sukari vilivyosawazishwa, robo kijiko cha chai cha chumvi, na ndimu ya kuipa ladha. Hapo umepata wanga na sodiamu kwa kiwango kinachokaribiana na vinywaji vya wanamichezo vya dukani, na bei yake mweka hazina hatalalamika. Usikichanganye na maji ya chumvi na sukari ya mtu anayeharisha: hayo ni vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa lita, chumvi zaidi na sukari kidogo, na yana kazi yake. Mazoezi yasiyofika saa moja hayahitaji kinywaji cha sukari kabisa. Maji yanatosha.

Kabla ya mechi, saa nne hivi mapema, mpe mililita 5 hadi 7 kwa kila kilo ya mwili. Kwa yule winga ni karibu vikombe viwili. Wakati wa mchezo anywe akisikia kiu na kila anapopata nafasi, mafunda machache kwa wakati. Na maji hayo yatoke mahali unapopajua. Kisumu hofu yetu ni vijidudu, basi chemsha au tia dawa ya kutibu maji, na usiruhusu chupa moja kupita midomo kumi na mitano. Nakuru kuna jambo jingine: visima vingi vya Bonde la Ufa vina floraidi nyingi, ile inayotia meno rangi ya kahawia, na kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua sufuriani floraidi hukolea zaidi. Ukikaa huko na timu ya vijana msimu mzima, uliza maji ya kambi yanatoka wapi.

Wapo watakaokwambia kwamba wakimbiaji wetu wakubwa hawabebi chupa mazoezini. Ni kweli kwamba watafiti waliofuatilia mlo wa wakimbiaji wa Kikalenjin, matokeo yao yakachapishwa 2004, walikuta vinywaji vyao ni maji na chai ya maziwa zaidi ya kitu kingine. Lakini hao walikimbia alfajiri, kwenye baridi ya mwinuko, na walikunywa na kula waliporudi. Winga wako anacheza saa tisa alasiri ziwani.

Na maji huweza kuzidi. Kwenye mbio za Boston za 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza, na asilimia 13 walikuwa na sodiamu ya chini kupita kawaida. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliokunywa hadi wakaongeza uzito njiani, na wale waliokaa barabarani kwa muda mrefu. Kwa hiyo mkimbiaji wa polepole akifika kwako na kichwa kinachouma, anatapika, pete imembana kidoleni na maneno yake hayaeleweki, usimsukumie chupa nyingine. Mpeleke hospitali, na waambie amekunywa kiasi gani.

Jambo ambalo vitabu vya ng'ambo huligusa kwa mstari mmoja, nasi huku tunalo majumbani mwetu, ni selimundu, tatizo la damu la kurithi. Nyanza na Magharibi watu wengi wamerithi chembe hiyo kutoka kwa mzazi mmoja. Hao si wagonjwa, wanacheza na kushinda kama wenzao, na hakuna sababu ya kumwacha yeyote nje ya timu. Lakini kwenye joto kali, mwili ukiwa umekauka na kocha akisukuma mbio fupi za mfululizo, misuli ya mtu kama huyo inaweza kuharibika ghafla akaanguka. Mweleze kila mchezaji faida ya kujua hali yake, kwa siri na kwa hiari. Anayejua kwamba anayo aanze msimu taratibu, apumzike kati ya mbio, na akisema miguu inauma na imeishiwa nguvu, zoezi lisimame hapo hapo. Neno "jikaze" lisitamkwe. Mwenye ugonjwa wenyewe, aliyerithi kwa wazazi wote wawili, ratiba yake huamuliwa na kliniki yake.

Sasa madini ya chuma, ambayo kwangu yanapita vitamini zote za kopo kwa umuhimu. Mwanamume mzima anahitaji miligramu 8 kwa siku, mwanamke anayepata hedhi 18. Mkimbiaji hupoteza kidogo kwa jasho na kwa kishindo cha nyayo, na huku kwetu kuna malaria na minyoo ya safura juu yake. Kulikuwa na kiungo mmoja wa timu ya wasichana Kakamega ambaye benchi lilimwita mvivu. Kasi ya kwanza alikuwa nayo, ya tatu hana. Alikuwa anakula vizuri kwa kumtazama: ugali, omena, mboga, na kikombe kikubwa cha chai ya rangi pembeni ya sahani, mchana na jioni. Tulimpeleka akapimwe. Himoglobini, inayobeba oksijeni kwenye damu, ilikuwa chini kidogo tu, lakini feritini, ambayo ndiyo ghala la chuma mwilini, ilikuwa karibu tupu.

Zahanati ilimpa vidonge na dawa ya minyoo. Upande wangu ulikuwa ile chai. Chai huzuia chuma cha mboga na nafaka kisifyonzwe, kwa hiyo tuliisogeza mbali na chakula, saa moja au mbili, na mahali pake tukaweka chungwa au pera. Vitamini C hufanya kinyume cha chai: huisaidia mboga kutoa chuma chake. Ndimu juu ya omena hufanya kazi hiyo hiyo. Uji wa wimbi uliochachushwa una afadhali kuliko ule usiochachushwa, kwa kuwa kuchachua hupunguza vitu vya kwenye nafaka vinavyoshikilia chuma. Maini mara moja kwa wiki, kama bajeti ya kambi inaruhusu. Alirudi uwanjani taratibu, kwa miezi, na hakuna njia ya mkato hapo.

Ukiomba vipimo, angalia mchezaji alikuwa na malaria au homa lini. Ugonjwa hupandisha feritini, na ghala tupu linaweza kuonekana limejaa. Subiri apone ndipo upime. Anayemeza vidonge avimeze asubuhi au mara tu baada ya mazoezi, kwani saa tatu hadi sita baadaye mwili hufunga mlango wa kufyonza chuma. Mwambie mapema kwamba choo kitakuwa cheusi, asije akashtuka akaviacha. Na asiyepimwa asipewe, hata akiomba kwa machozi: chuma kikizidi mwilini hakina njia rahisi ya kutoka. Kama timu inapanda kambi Iten, mita 2,400 huko, pima wiki kadhaa kabla ya safari, maana mwili unaotengeneza damu zaidi kwa ajili ya mwinuko unahitaji chuma cha kuitengenezea.

Vingine vyote viko sokoni. Omena huliwa na mifupa yake, na hapo kuna kalisiamu. Maziwa lala yanayo, managu na saga zinayo. Vijana wa miaka 9 hadi 18 wanahitaji miligramu 1,300 kwa siku, na kikombe cha maziwa kina karibu 300. Binti aliyekosa hedhi miezi mitatu mfululizo usimpe kalisiamu ukaridhika. Mara nyingi hali chakula kinachotosha mazoezi yake, na anahitaji daktari. Viazi vitamu vya rangi ya machungwa vina vitamini A. Unga wa mahindi wa pakiti, kwa sheria ya tangu 2012, huongezwa vitamini na madini yakiwemo chuma na zinki. Wa posho mill hauongezwi, basi kambi inayosaga yake iwe na mboga nyingi zaidi. Msuli ukikamata dakika ya themanini, usikimbilie magnesiamu. Mara nyingi ni uchovu: mnyooshe, mpumzishe.

Vitamini C na E za dozi kubwa mimi sizitoi. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa 2009 uliwapa wanaume miligramu 1,000 za C pamoja na E kila siku wakifanya mazoezi, na vidonge vilizuia baadhi ya faida ambazo mazoezi huuletea mwili. Pera moja lina C ya siku nzima. Tena vidonge vya vitamini B hugeuza mkojo kuwa wa manjano kali, na hapo umepoteza kipimo chako cha bure cha kujua nani hajanywa maji.

Zaidi ya hayo kuna hatari ya kufungiwa. Maabara ya Cologne ilipima virutubisho 634 kutoka nchi 13 mwanzoni mwa miaka ya 2000, na karibu asilimia 15 vilikuwa na homoni ambazo hazikuandikwa kwenye kopo. Mchezaji huwajibika kwa kilichokutwa mwilini mwake, hata kama alidanganywa. Tangu 2016 tuna wakala wetu wa kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, ADAK. Piga simu uulize kabla mtu hajameza.

Ulizia hasa kuhusu dripu. Huku kwetu mtu akichoka hukimbilia kliniki ya mtaani awekewe dripu ya maji na vitamini, na wachezaji huona ni jambo la kawaida baada ya mechi ngumu. Kanuni za kimataifa zinakataza kuingiza mishipani zaidi ya mililita 100 katika saa 12, hata kama ndani ni maji na chumvi tu, isipokuwa ni matibabu halali ya hospitalini au mchezaji ana kibali. Chupa moja ya kawaida ni mililita 500. Mchezaji akizidiwa kweli, afya ndiyo ya kwanza: apelekwe hospitali na atibiwe bila kusubiri mtu. Kisha siku hiyo hiyo fuatilia karatasi zake, zionyeshe alichopewa, kiasi, saa na sababu, na uzihifadhi kwenye faili la timu.