Nishike Kazi Moja au Nibaki na Zote?

Maswali ya wasomaji kuhusu kazi na kipato

SWALI: Assalaam alaykum, mama. Mie ni kijana wa Wete, nimemaliza chuo kikuu cha SUZA mwaka jana na sijaajiriwa. Nafanya kazi za kujitegemea, frilansa kama wanavyosema wenzangu. Napiga picha za harusi, natengeneza nembo na kadi, nafasiri Kiingereza na Kiswahili, na kuna hoteli moja ndogo Nungwi naiandikia maneno na kuipangia picha zake za mtandaoni. Kaka yangu ananiambia mshika mawili moja humponyoka, nichague moja sasa hivi nijulikane nayo. Rafiki yangu anasema nikichagua mapema nitalala na njaa. Tena mwenye ile hoteli ameniambia atanilipa kila mwezi, ila niache kazi nyengine zote nimfanyie yeye tu. Nifanye nini?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Barua yako ina maswali mawili yaliyofungwa pamoja. Moja ni la kuchagua kazi, jengine ni la kuchagua mteja. La kuchagua kazi linaweza kungoja. La huyu bwana wa Nungwi haliwezi, maana anataka jibu, kwa hiyo naanza nalo.

Usikubali kuacha wateja wengine kwa ajili yake. Wewe ni mtoto wa Pemba. Kaa na wazee wa hapo Wete wakuhadithie karafuu ya miaka ya themanini. Hakuna watu waliobobea katika zao lao kuliko wao. Wakijua siku ya kuchuma, wakijua kuanika, wakijua kutenga makonyo. Lakini sehemu kubwa ya karafuu yetu ikinunuliwa na Indonesia kwa viwanda vyake vya kretek, sigara zinazotiwa karafuu, na Indonesia ilipopanda mikarafuu yake ikajitosheleza, bei ikaporomoka. Mkulima wa Pemba hakukosea kitu shambani. Ujuzi wake ulikuwa ule ule, mnunuzi ndiye aliyeondoka. Kubobea katika kazi ni jambo moja, kumtegemea mnunuzi mmoja ni jambo jengine, na wengi wanaokwambia "chagua moja" wanayachanganya haya mawili.

Sasa huyu mnunuzi wako naye anategemea kitu kimoja, watalii. Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 538,000 mwaka 2019. Mwaka 2020, ndege zilipokatika kwa korona, wakawa 260,000 hivi. Nawajua wapiga picha wa Paje na Nungwi ambao hawakuwa na mteja hata mmoja asiyekuwa hoteli. Kazi zao zilikuwa nzuri, na simu zao hazikulia. Na hata pasipo maradhi, masika huja kila mwaka. Aprili na Mei hoteli nyingi za pwani hufunga au hupunguza watu. Muulize huyo bwana kwa adabu: Aprili nitalipwa? Jibu lake litakufunza mengi.

Kama anakutaka wewe peke yake, basi anachotafuta ni mwajiriwa, na mwajiriwa ana haki zake: mkataba wa maandishi, michango ya ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, likizo. Akikupa hayo, itazame kama ajira na uamue kama unaitaka ajira. Si aibu hata kidogo. Akitaka umtii kama mwajiriwa na akulipe kama kibarua, mkatalie kwa upole kisha umpe pendekezo lako mwenyewe. Siku mbili kwa wiki, idadi ya picha na maandishi inayojulikana, malipo mwisho wa mwezi, na taarifa ya miezi miwili kwa yeyote anayetaka kuacha. Iandikwe na itiwe saini. Nimeona makubaliano mengi ya mdomo yakiisha siku ile ile msimu unapoisha.

Nije kwenye kazi zako nne. Kaka yako anasema kweli na rafiki yako anasema kweli, ila wanazungumzia nyakati tofauti. Mwaka wa kwanza wewe hulijui soko, na soko halikujui. Ukichagua leo utachagua unachokipenda leo, au kilicholipa wiki hii. Pokea zote nne kwa mwaka mzima, uzipitishe kaskazi na kusi, Ramadhani na msimu wa wageni. Lakini uwe na daftari. Kila kazi iandike: nani kaileta, kaletwa na nani, imekuchukua saa ngapi, kalipa baada ya muda gani, na je, karudi? Hilo la mwisho ndilo ninaloliamini kuliko yote. Mteja anayerudi bila ya wewe kumpigia simu anakwambia kitu ambacho sifa za mdomoni haziwezi kukwambia.

Mie nilianza kwenye duka la kuchapa Mlandege, nikipiga barua za maombi ya kazi na kutoa fotokopi. Watu wakaanza kuniletea vyeti vya kuzaliwa nivifasiri, kisha menyu za mikahawa, kisha ripoti za semina. Nikifasiri kila kinachoingia. Nilichokuja kukiona daftarini ni kuwa wenye menyu huja mara moja, wakagombea bei, wakaenda zao. Wenye karatasi za afya walirudi, na bei hawakuigombea. Nikataka kujua kwa nini. Fomu ya ridhaa, ile anayosomewa mama kabla mtoto wake hajatolewa damu kwa ajili ya utafiti, haipiti kwenye kamati ya maadili mpaka iwe katika lugha anayoifahamu mama huyo. Ikishafasiriwa kwa Kiswahili, hupewa mfasiri mwengine ambaye hakuiona ile ya asili, airudishe kwa Kiingereza. Kisha zinawekwa mbili pamoja, sentensi kwa sentensi. Kosa likiwapo linaonekana papo hapo. Mteja wa namna hiyo hatafuti wa bei rahisi, anatafuta mtu ambaye kazi yake haitarudishwa.

Hivyo ndivyo nilivyobakia na afya. Na nilipobakia nayo ndipo nilipoona faida ambayo kaka yako anaijua. Mfasiri wa kawaida hutoa maneno 2,000 hivi kwa siku. Ukiwa na karatasi za namna moja, msamiati umeshautafuta, watu wa kuwauliza umeshawajua, unakwenda mbio zaidi na kwa utulivu zaidi, na malipo kwa neno hayapungui. Lakini faida hiyo huja baada ya kurudia kazi, haiji siku unapoichagua. Ndiyo maana sikuharakishi.

Za kwako nazitazama hivi. Picha za harusi: katika harusi zetu, sherehe kubwa na yenye matumizi ni ya wanawake, na wewe mwanamme hutoingia humo na kamera. Utabaki na ndoa msikitini na bwana harusi na wazee wake. Kazi ya heshima, ila nusu kubwa ya soko imefungwa kwako na iko wazi kwa dada zako. (Kama una dada anayependa kamera, mfunze. Nasema kwa dhati. Maharusi wanahangaika kutafuta mpiga picha wa kike wa kuaminika.) Usinunue lenzi ya pili mpaka daftari likwambie.

Nembo na kadi, leo kila mwenye simu ana Canva, programu ya kujitengenezea kadi na nembo. Ifanye ikija, usiitegemee.

Maandishi ya hoteli ni kazi nzuri na inakupa mapato ya kila mwezi, maadamu hoteli zisiwe mteja wako pekee. Ukiweza kupata skuli binafsi moja, au jumuiya ya wakulima, au duka la vifaa vya ujenzi Chake, utakuwa na watu ambao masika hayawafungi. Ujuzi ni ule ule, wa kuandika maneno mafupi na kuyapangia picha. Unaowabadilisha ni wanunuzi tu.

Tafsiri ndiyo ninayoijua zaidi, na wewe ujue kuwa mimi ni mfasiri, kwa hiyo lipime neno langu ukilikumbuka hilo. Mashine zinafasiri Kiswahili siku hizi, na menyu hazitarudi mikononi mwetu. Kazi itabaki pale ambapo kosa lina gharama: afya, mikataba, ardhi, mahakama. Sasa hapo Pemba, Wawi, pana maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000, na utafiti wa kichocho na minyoo umefanywa kisiwani kwako kwa miaka mingi. Sikwambii ukabishe hodi kesho. Nakwambia kazi ngumu, yenye wateja wanaorudi, iko karibu na mlango wako kuliko unavyodhani, na wewe una kitu ambacho mfasiri wa Dar es Salaam hana: unajua mama wa Micheweni anazungumza vipi. Fasiri hata karatasi moja ya afya katika mwaka huu, uone inakukaa vipi.

Mwaka ukimalizika, kabla hujapunguza unachokipokea, punguza unachokitangaza. Kadi yako iwe na kazi moja. Watu wa Wete wakiulizana nani anafasiri, jina lako litoke bila kusitasita, na kadi yenye kazi saba haimkai mtu kichwani. Mtu akija na harusi na siku ile huna kitu, ipokee, hakuna anayekukataza. Kidogo kidogo zile nyengine zitajitoa zenyewe kwa sababu utakuwa huna nafasi. Zisipojitoa, na ukaona bado unahitaji mbili ili ule, shika mbili na usione haya. Visiwa vyetu ni vidogo, na wanaokutaka uwe na kazi moja mara nyingi wanaishi kwenye miji yenye wateja wengi kuliko yetu.

Jambo jengine dogo: chukua TIN, namba ya mlipakodi, mapema. Mashirika na taasisi nyingi haziwezi kukulipa bila ya namba hiyo, na utaikosa kazi nzuri kwa sababu ya karatasi.

SWALI: Shikamoo, mama. Nachora hina Jambiani, kwa maharusi wa kijijini na kwa wageni pwani. Wageni wengi wanataka piko, ile rangi ya dukani, kwa sababu ni nyeusi na inakauka haraka. Wenzangu wanachora zote mbili. Nikibaki na hina tupu si nitakosa wateja?
Msomaji wa kike, Jambiani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Yule kijana wa Wete nimemwambia asubiri. Wewe nakwambia jifunge leo. Piko nyingi zinazouzwa madukani zina kemikali inayoitwa PPD, ile ya kwenye rangi za nywele. Ikikaa juu ya ngozi inaweza kuleta malengelenge na makovu, na aliyedhurika mara moja, mwili wake unaweza kuikataa rangi ya nywele maisha yake yote. Watoto nawaogopea zaidi. Tena madhara mara nyingi hayaonekani siku ile. Mgeni anaondoka Jumapili, mkono unavimba akiwa kwao, na picha inairudia hoteli. Hoteli ikishaipata picha hiyo, haitauliza nani alichora piko na nani hina. Itawafukuza wachoraji wote pwani.

Utapoteza wateja wa haraka, ni kweli. Weka maneno yanayosomeka: hina ya majani, haina piko. Wenye watoto watakuja kwako kwanza, na hoteli itakayokuwa na hofu itakutafuta wewe. Mwambie mgeni tangu mwanzo kuwa rangi itatoka ya chungwa, kisha itakoza kuwa kahawia siku ya pili, la sivyo atadhani umemdanganya. Mchore jioni, akae nayo saa nyingi, na asubuhi aikwangue bila kutia maji.

Na wateja wako ni wa namna mbili, maharusi na wageni. Wabakishe wote wawili, maana Ramadhani hapana harusi na masika hapana wageni. Kwa maharusi itakuwa vigumu zaidi, kwa kuwa bibi harusi wa Unguja amezoea kuona piko ikizungushia maua. Usingoje siku ya kuchora ndipo useme. Mwendee somo wake, yule mwanamke anayemfunda, wiki moja kabla, mchore yeye kwanza kiganjani kwa hina tupu, umwache nayo siku mbili aione ilivyokoza. Akiridhika yeye, bibi harusi na mama yake watamsikiliza.